SONA ITAZAMAYO MBELE: FAIDA AU HASARA?

Katika jarida letu la mwaka huu nimeonelea nizungumzie jambo linalohusu bahari na sayansi kwa pamoja. Swali langu ni hili: mashua ya safari, inayotoka bandari hii kwenda ile, je, inahitaji chombo kiitwacho sona itazamayo mbele, au ni kutupa pesa baharini?

Msije mkasema ati hilo ni swali la matajiri. Mjomba wangu ni nahodha wa mashua ya matanga yenye injini, urefu wake mita 12, ambayo huwachukua wageni baina ya Kilifi na Lamu. Mwenye mashua amesikia sifa za sona hii. Anataka kuinunua, na ili pesa zitoshe, amsimamishe kazi kijana anayekaa omo kuangalia miamba. Kijana huyo alimaliza kidato cha nne majuzi tu, na ndiye anayewalipia wadogo zake karo. Basi mnaona kwamba katika jambo hili mna riziki ya mtu, na vilevile mna roho za watu waliomo mashuani. Ndiyo maana inafaa tulichambue polepole.

Kwanza, sona ni nini? Ni chombo kinachotuma sauti majini, halafu kikasikiliza mwangwi wake. Ukipiga ukelele mbele ya jabali, sauti hugonga jabali na kukurudia. Popo hutumia ujanja huo gizani na pomboo huutumia baharini. Sauti majini hukimbia takriban mita 1,500 kwa sekunde, hali hewani ni kama mita 340 tu. Tuseme kuna mwamba mita 75 mbele ya mashua. Sauti itakwenda mita 75 na kurudi mita 75, jumla mita 150. Gawanya kwa 1,500, utapata sekunde 0.1. Chombo kikishapima muda huo, kinaujua umbali. Tuliosoma Fizikia tunaona ni hesabu ya kawaida kabisa.

La ajabu ni kwamba kazi hii mwanzoni ilihusu kutazama mbele. Meli ya Titanic iligonga mlima wa barafu usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, ikazama kabla ya kupambazuka, na watu zaidi ya 1,500 wakafa. Wavumbuzi wakaanza kutafuta njia ya kuuona mlima wa barafu kabla ya kuufikia. Mwaka wa 1914, Reginald Fessenden, mzaliwa wa Kanada, alikijaribu chombo chake katika bahari iliyo karibu na Newfoundland, akapata mwangwi wa mlima wa barafu uliokuwa umbali wa maili 2 hivi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Mfaransa Paul Langevin aliendeleza kazi hiyo kwa ajili ya kutafuta nyambizi.

Hata hivyo, kilichoenea katika mashua za kawaida ni kipima-kina, ambacho hutazama chini wima. Hiki ni kizuri, lakini kina kasoro moja kubwa. Kinakwambia kina cha maji mahali ulipo, si mahali unapokwenda. Ni kama dereva wa matatu anayetazama barabara kupitia tundu la sakafuni. Shimo ataliona, lakini gurudumu la mbele litakuwa limeshaingia! Sona itazamayo mbele ndiyo inayokusudia kuondoa kasoro hiyo. Huelekeza sauti mbele kwa mshazari, kisha huchora kwenye kioo sura ya sakafu ya bahari iliyo mbele ya omo.

Mpaka hapo kila mtu atasema, "Basi inunuliwe!" Ngojeni kidogo. Sona hii ina mipaka yake, na wauzaji hawaitaji kwa sauti kubwa.

Mpaka wa kwanza ni umbali. Zile za mashua ndogo huona mbali maji yakiwa na kina kirefu, na maji yakipungua, nazo huona karibu. Katika nyingi za bei ya chini, umbali wa kutegemea ni kama mara 4 au 5 ya kina cha maji yaliyo chini yako. Hebu tupige hesabu. Maji yana kina cha mita 4. Mara 4 ni mita 16. Mashua inakwenda noti 5, yaani maili 5 za baharini kwa saa, ambazo ni karibu mita 2.6 kwa sekunde. Mita 16 utazimaliza kwa sekunde 6! Nahodha hata hajamaliza kusema "Lo!", mkuku umeshagonga. Lakini ukipunguza mwendo hadi noti 2, ambazo ni kama mita 1 kwa sekunde, unapata sekunde 16. Hapo mtu aweza kurudisha injini nyuma au kukata usukani.

Mpaka wa pili ni aina ya kizuizi. Mwamba wa matumbawe uliosimama kama ukuta hurudisha mwangwi mkali. Fungu la mchanga linaloinuka polepole ni kama mpira unaougonga ukuta kwa pembeni. Sauti nyingi huteleza mbele, na kidogo tu ndiyo hurudi. Tope laini nalo huimeza sauti. Fauka ya hayo, gogo linaloelea huweza kupotea katika mwangwi wa povu na mawimbi ya juu.

Mpaka wa tatu ni gharama. Hata zile za bei ya chini, ukijumlisha kioo chake na kazi ya fundi, hupita dola 1,000 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi laki moja. Zile zinazoona mamia ya mita hufika makumi ya maelfu ya dola. Isitoshe, kifaa chenyewe hukaa chini ya mashua. Kwa kawaida lazima chombo kipandishwe nchi kavu na kutobolewa. Magugu na kombe wadogo wakiota pale, sona inakuwa kama mtu mwenye nta masikioni. Na mashua zetu zinazopwelewa ufuoni maji yakitoka zinaweza kukivunja siku moja tu.

Wengine watauliza, "Je, si sona ingeokoa mashua zinazogonga miamba usiku?" Nitawapa mfano wa bahari yetu hii ya Hindi. Tarehe 29 Novemba 2014, mashua ya mashindano iitwayo Team Vestas Wind, ikitoka Cape Town kwenda Abu Dhabi, iligonga miamba ya Cargados Carajos, kaskazini-mashariki mwa Mauritius. Ilikuwa usiku na mwendo ulikuwa noti 19. Wanamaji wote 9 walinusurika, alhamdulillahi. Kisa ni nini? Miamba hiyo imo katika ramani ya kompyuta, ila haikuonekana vizuri mpaka uikuze ramani, nao hawakuikuza vya kutosha. Sasa tuchukulie wangekuwa na sona inayoona mita 100. Noti 19 ni karibu mita 10 kwa sekunde. Wangepata sekunde 10 tu! Kuisoma ramani vizuri kungewafaa zaidi.

Je, ina maana sona haina kazi? La hasha! Kuna mahali inapomshinda hata mwenye macho ya mwewe. Mvua zikinyesha bara, mto Sabaki huleta maji ya rangi ya chai ya maziwa mpaka baharini, kaskazini mwa Malindi. Katika Ghuba ya Ungwana, Tana nayo huleta tope lake. Katika maji kama hayo huwezi kuona hata upondo ulioshika mkononi ukishazama shubiri mbili. Vilevile jioni, jua likiwa mbele yako, bahari yote hung'aa kama kioo. Aidha, kuna ghuba nyingi duniani ambazo ramani zake zilipimwa zamani kwa bildi, yaani kamba yenye risasi mwishoni. Kufikia mwaka wa 2024, takriban asilimia 26 tu ya sakafu ya bahari yote duniani ilikuwa imepimwa kwa njia za kisasa. Msafiri anayetia nanga kila wiki mahali pageni, akiingia polepole, atashukuru kuwa na sona.

Kwa upande mwingine, maji yakiwa safi, jicho la mtu aliyesimama omo huona mbali kuliko sona ya bei ya chini. Jua likiwa juu na nyuma yako, baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, bahari husomeka kama kitabu. Bluu iliyoiva ni kina, kijani ni maji yanayopungua, na kahawia ni mwamba. Tena mtu huyo huona gogo, wavu na mtumbwi wa mvuvi. Mabaharia wetu wametumia macho hayo pamoja na bildi kwa karne nyingi, na wakajua kwamba wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, hivyo mwamba uliofichika maji yakijaa huweza kuchomoza yakitoka.

Uamuzi wangu basi ni huu. Sona itazamayo mbele ina faida kwa mwenye kwenda pole katika maji machafu au mageni, na tena iwe nyongeza. Kabla yake, mashua iwe na ramani nzuri, nanga imara, kipima-kina kizima na mtu wa omo. Mashua inayopita njia ileile kila wiki, kama ya mjomba, haina haja ya kumfukuza mtu ili inunue kioo. Pesa zikitosha kwa kimoja tu, kijana abaki. Zikizidi, sona inunuliwe na yeye mwenyewe afundishwe kuisoma, kwani Fizikia alifaulu.

Wenzangu, mashine haimpi mtu muda ambao ameshaupoteza kwa mbio zake. Wahenga walinena kwamba mwenda pole hajikwai, na baharini methali hiyo unaweza kuihesabu kwa sekunde.