Somo la Redio: Herufi Ndogo Katikati ya Santuri

Leo hatutasoma gazeti wala barua. Leo tutasoma santuri. Msistaajabu. Santuri ina maandishi, na maandishi hayo yana faida kwa ajuaye kuyasoma.

Tazameni katikati ya santuri. Mtaona karatasi ya duara. Juu yake pameandikwa jina la wimbo, jina la mwimbaji na jina la kampuni. Katika santuri nyingi zilizotolewa tangu miaka ya 1970, pembeni mwa karatasi hiyo, au kwenye jalada, kuna herufi P iliyozungushiwa duara. Baada yake huja mwaka, kisha jina. Jina hilo ni la mwenye haki ya sauti iliyonaswa humo. Si lazima awe yule aliyeimba. Mimi hukusanya santuri, na kila nikipata moja, husoma hapo kwanza kabla ya kuiweka kwenye gramafoni.

Kwa nini? Kwa sababu kupiga muziki ni jambo moja, na kuumiliki ni jambo jingine. Desturi ya kampuni kubwa ilikuwa hivi. Kampuni ilitoa fedha za kurekodi, kisha ikachukua haki ya sauti. Mwanamuziki aliahidiwa fungu dogo kwa kila santuri iliyouzwa, na mara nyingi hakupata kitu mpaka gharama za kurekodi zikatwe katika fungu lake. Ni kama mkulima aliyekopeshwa mbegu na tajiri. Avune asivune, deni hubaki kwake, na ghala si lake.

Sasa twende Uingereza, katika mji wa Manchester. Huko walikuwako vijana wa bendi iitwayo Buzzcocks. Hawakungoja kampuni kubwa iwaite. Walikopa kama pauni 500 kwa jamaa na marafiki. Mwezi wa Desemba 1976 wakarekodi nyimbo nne kwa siku moja. Januari 1977 wakatoa santuri 1,000 kwa jina la kampuni yao wenyewe, New Hormones. Santuri hiyo inaitwa Spiral Scratch.

Hebu tupige hesabu. Deni la pauni 500, gawanya kwa santuri 1,000. Kila santuri ilibeba deni la nusu pauni. Basi wakijua kuuza kwa bei iliyozidi hapo, deni litalipika. Santuri zile zilikwisha, wakaagiza nyingine, na mwishowe zikauzwa maelfu mengi.

Mwaka 1978 bendi nyingine, Scritti Politti, ilifanya jambo lililonipendeza sana. Juu ya jalada la santuri yao ya kwanza walichapa gharama zote: za studio, za kutengeneza santuri na za kuchapa karatasi. Siri ya biashara ikawa wazi kwa kila ajuaye kusoma.

Muziki wa namna hii wapenzi wake huuita indi, maana yake muziki wa kujitegemea. Watu wengine hudhani indi ni namna ya kupiga gitaa tu. Mwanzo haikuwa hivyo. Orodha ya kwanza ya mauzo ya santuri za indi ilichapishwa Uingereza Januari 1980. Orodha hiyo haikuuliza gitaa limepigwaje. Iliuliza santuri imesambazwa na nani. Iliyosambazwa na kampuni kubwa haikuingia.

Sitawaficha: baadhi ya santuri hizi hazikupigwa vizuri. Sauti hukwaruza, na ngoma husikika kama debe. Lakini humo mna nyimbo ambazo pengine tajiri asingekubali kuzitolea hata senti moja.

Je, kujitegemea kuna hatari? Ndiyo, ipo. Sikilizeni mambo mawili.

La kwanza: kampuni ya Factory ya Manchester iliwaachia wanamuziki haki ya kazi zao. Ilifilisika mwaka 1992. Kampuni kubwa iliyotaka kuinunua ikakuta kwamba muziki wa New Order, bendi yenye mauzo makubwa, haukuwa mali ya Factory. Kampuni ilianguka, lakini wenye muziki wakabaki na mali yao.

La pili: duka la Rough Trade lilifunguliwa London mwaka 1976. Baadaye likawa pia na kazi ya kusambaza santuri za kampuni ndogo nyingi. Kazi hiyo ya usambazaji ilipoanguka mwaka 1991, kampuni ndogo zilizokuwa zikidai fedha zake zilipata hasara. Walikuwa na haki ya muziki wao, lakini fedha zao zilikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Basi, ndugu wanafunzi, mkipewa karatasi ya kutia sahihi, iwe ya muziki, ya shamba au ya nyumba, tafuteni mambo haya mawili. Mali itakuwa ya nani? Na fedha zitapita mikononi mwa nani kabla ya kuwafikia?

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Herufi P ndani ya duara hutuonyesha nini?
2. Kama santuri zingekuwa 2,000 na deni ni lile lile, kila moja ingebeba deni la kiasi gani?
3. Wanamuziki wa Factory walibaki na kitu gani? Kwa nini?

Kwaherini mpaka somo lijalo.