Mpini wa Tabora kwa Upanga wa Kirumi

Katika tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, upanga mmoja unapita katika vifo vitatu. Cassius anamchoma nao Caesar. Baadaye, vita vya Philippi vinapomwendea vibaya, anampa mtumwa wake Pindarus upanga huohuo na kumwamuru amuue nao. Titinius anamkuta rafiki yake amelala chini, anauokota, naye anajimaliza. Mtazamaji aliyekaa nyuma kabisa ukumbini anapaswa kuutambua kila unapotokea, kwa hiyo upanga huo unastahili kutayarishwa kwa uangalifu uleule anaopewa mwigizaji.

Mji wa Tabora una haki ya pekee kwa tamthilia hiyo. Julius Nyerere alisoma katika Shule ya Serikali ya Tabora, kisha akarudi kufundisha St. Mary's katika mji huohuo kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Tafsiri yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1963, akaipitia upya na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Kwa hiyo kikundi cha shule kinachotaka kuiigiza hapo hakihitaji kuomba ruhusa kwa historia. Kinachohitaji ni upanga, na upanga ulio ndani ya uwezo wake ni ule wa kuigiza wa bei nafuu, ambao mara nyingi hutengenezwa India: bapa linalong'aa kama sufuria mpya, mpini wa mbao uliopakwa vanishi nzito, na nati iliyofichwa kwenye kirungu cha mwisho.

Kabla ya jambo lolote, legeza nati hiyo na uuvue mpini. Sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini ndiyo itakayokueleza umenunua nini. Ikiwa ni pana na imetoka katika chuma kilekile cha bapa, kazi iendelee. Ikiwa ni fimbo nyembamba iliyounganishwa kwa kulehemu, upanga huo ni wa kutundika ukutani, na usigonganishwe na kitu chochote jukwaani. Kiungo cha kulehemu hukatika ghafla, na bapa lenye uzito wa karibu kilo moja likiruka kuelekea watu waliokaa mbele, hakuna mwalimu atakayeweza kulirudisha. Hapa sioni nafasi ya kubembelezana.

Makali nayo yaondolewe kwa tupa hadi ukingo uwe na unene wa milimita mbili au zaidi, na ncha iwe ya mviringo. Tupa ni polepole kuliko grenda, lakini grenda hupasha chuma moto, na chuma kilichokwisha kutiwa ugumu kikipata rangi ya buluu kimefika takriban nyuzi 300 na ugumu wake umeanza kuondoka. Kwa sababu hiyohiyo bapa lisiwekwe kwenye jiko la mkaa kwa nia ya kulifanya lionekane la kale. Mng'ao unaweza kuuondoa bila moto: futa vanishi iliyo juu ya bapa kwa asetoni, kisha piga msasa wa namba 240, halafu 400, daima kwa kufuata urefu wa bapa. Utapata rangi ya kijivu iliyotulia, isiyomulika macho chini ya taa za ukumbi.

Umbo la bapa usiliguse. Panga nyingi za bei nafuu hufuata aina iliyopewa jina la Pompeii, mji uliofukiwa na volkano mwaka 79. Askari wa wakati wa Caesar, aliyeuawa mwaka 44 kabla ya Kristo, walitumia bapa refu zaidi, ambalo Warumi wenyewe walikuwa wamelipata Hispania na kulitaja kwa jina la nchi hiyo. Anayejaribu kusahihisha tofauti hiyo kwa tupa ataharibu bapa bure. Mpini ndio unaofaa kubadilishwa, na kwa kazi ya mpini ni vigumu kupata mahali penye vifaa zaidi kuliko Tabora.

Njia ya misafara ya biashara iliyopita hapa ilijengwa juu ya kazi ya namna hii. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Kaze, penye Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, walipokewa na mfanyabiashara Snay bin Amir katika makazi ya Waarabu huko Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi. Upanga mnyoofu wa Oman, usio na kikinga mkono, mara nyingi ulikuwa na bapa lililofuliwa Ulaya, hasa Ujerumani, likavalishwa mpini na ala ya ngozi na mafundi wa upande wetu wa bahari. Burton alipochapisha kitabu chake juu ya historia ya upanga mwaka 1884, alikuwa mtu aliyeziona silaha za namna hiyo zikiwa viunoni mwa watu, mbali na makabati ya makumbusho.

Wanyamwezi nao hawakuwa wapokeaji wa kukaa tu. Majembe ya wahunzi wa Usumbwa na wa Warongo, kusini mwa Ziwa Viktoria, yalisafiri sana na kutumika hata kama fedha. Waya wa shaba nyeupe ulioletwa na misafara kutoka pwani ulivutwa ukawa mwembamba zaidi, ukafanywa udodi wa mikononi na miguuni, na kuzungushwa kwenye mipini ya mikuki. Magobore ya rugaruga, askari wa Mtemi Mirambo, yalikuwa silaha za kuukuu, nyingi zikiwa zimeachwa na majeshi ya Ulaya yalipopata bunduki mpya. Kitu cha bei ndogo kilifika, mtu wa hapa akakimalizia, kikawa chake. Nasikitika kwamba historia iliyoandikwa imemkumbuka aliyeuza na kumsahau aliyemalizia.

Biashara ilikwenda upande wa pili pia. Pembe za ndovu zilizobebwa mabegani mwa Wanyamwezi hadi Bagamoyo na kuvuka hadi Zanzibar ziliishia kuwa vitufe vya piano, mipira ya biliadi na vipini vya visu vya Sheffield. Pembe hiyo leo tusiifikirie hata kidogo. Biashara ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na kukutwa na kipande chake Tanzania bila kibali ni kosa kubwa. Wala haihitajiki, kwani mipini mingi ya panga za Kirumi iliyofukuliwa na wanaakiolojia ni ya mfupa wa kawaida.

Mfupa huo uko buchani. Omba mfupa wa mguu wa ng'ombe, ule wa chini ya goti, ulionyooka na wenye uwazi katikati ambamo chuma kitapita. Kwangua nyama yote, uloweke siku kadhaa katika maji ya vuguvugu yenye sabuni huku ukiyabadilisha, kisha uanike kivulini. Usiuchemshe kwa nguvu, maana utakuwa mwepesi kuvunjika. Ukikauka, kata urefu wa kiganja cha mwigizaji na uchonge kwa tupa mifereji minne ya vidole. Vumbi lake ni baya kwa mapafu, kwa hiyo fanya kazi nje ukiwa umevaa barakoa. Nafasi inayobaki ndani ijazwe vijiti na gundi ya epoksi.

Kikinga mkono cha nusu yai na kirungu cha duara vichongwe kwa mninga. Mpingo unapendeza, lakini ni mzito na hupasuka kwa urahisi. Mninga hausinyai sana unapokauka, na hilo lina maana kubwa mahali ambapo kiangazi cha Juni hadi Oktoba hukausha kila kitu, halafu mvua za Novemba zinarudi. Usikate mti, mabaki ya karakana za samani yanatosha kabisa. Kabla ya kufunga, laza upanga juu ya kidole kimoja. Ukiinama mno upande wa ncha, weka kipande cha shaba nyeupe chini ya kirungu ili uzito urudi mkononi.

Kuhusu shaba nyeupe, mji huu una kumbukumbu yake. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walipokuwa wamefunga bahari, Wajerumani waliotawala hapa walipiga sarafu katika karakana ya reli ya Lulanguru, karibu na Tabora: heleri za shaba nyeupe, na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo. Sarafu hizo zinatafutwa na wakusanyaji duniani kote hadi leo. Waliozipiga walikuwa na mashine za kutengenezea treni.

Ala ni vipande viwili vya mbao laini vilivyochimbwa na kufunikwa ngozi ya mbuzi. Malizia bapa, mbao na ngozi kwa nta ya nyuki, zao ambalo misitu ya miombo ya Tabora imelitoa kwa vizazi. Nta huzuia kutu wakati wa mvua na haiachi harufu kali. Upanga ukishakamilika ukae chini ya ufunguo wa mwalimu, na usafirishwe hadi ukumbini ukiwa umefungwa, kwa kuwa polisi hawana wajibu wa kujua kwamba wewe ni Cassius.

Walimu wa tamthilia wawape wanafunzi kazi hii waifanye wenyewe, pamoja na seremala na mshona ngozi wa mtaani, na mafundi hao walipwe. Na kabla mpini haujafungwa, chora kwenye chuma cha ndani majina ya walioutengeneza, neno Tabora, na mwaka.