Fahamu: Kuiandaa nyumba kabla ya mafuriko
Yeyote akaaye kando ya Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, ambako mafuriko ya Desemba 2011 yaliangamiza roho nyingi, hana udhuru wa kungoja masika, yaani Machi hadi Mei, ndipo atafute pa kuwahamishia watoto na wazee. Hati, vyeti na dawa vitiwe mapema katika ndoo yenye mfuniko imara. Na maji yakikaribia kizingiti, umeme uzimwe kwenye swichi kuu, ila aliyekwisha kusimama majini asiiguse abadani. Hatari ipuuzwayo aghalabu ni choo cha shimo, ambacho kikifurika huchanganya najisi na maji ya kisima, hata kipindupindu kikazuka jua limekwisha kurejea. Basi maji ya kunywa yachemshwe, hata yakionekana safi.