Mwekevu si Bahili

Tunaposahihisha insha za wanafunzi wetu hapa Kampala, mara kwa mara tunakuta maneno mwekevu, bahili na mchoyo yakitumiwa kana kwamba ni visawe. Maana zake zinakaribiana, lakini hazilingani, na madhara ya kuyachanganya hayaishii kwenye karatasi.

Mwekevu limetokana na kitenzi weka. Ni mtu anayetumia kwa kipimo ili kesho asikose, naye ndiye anayesifiwa katika methali "Akiba haiozi". Bahili ni neno lenye asili ya Kiarabu. Humtaja mtu anayeona uchungu kutoa mali hata pale inapostahili. Ndiye tunayesema ana mkono wa birika. Mchoyo ni yule aliye nacho lakini hataki mwenzake apate.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi anayepanga Kikoni huja darasani kwa miguu badala ya kupanda bodaboda. Hununua maharage makavu sokoni Wandegeya, huyaloweka usiku kucha ili yasimalize mkaa, kisha huyapika mwenyewe. Jirani yake hula naye kila jioni, ila siku ya kuchanga pesa za mkaa haonekani. Wote wawili wamebakiza fedha. Wa kwanza amejibana mwenyewe. Wa pili amembana mwenziwe. Basi kabla ya kuchagua neno, tuulize: gharama iliyookolewa imebebwa na nani?

Umaskini nao si kipimo. Wahenga walisema, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Mwenye kidogo aweza kuwa mkarimu, na tajiri akawa bahili.

Jambo hili lina uzito. Kijana anayeitwa bahili kwa sababu hanunui soda huona aibu. Wapo wanaokopa ili waonekane wakarimu, na pesa ya ada ikaishia hapo.

Walimu wenzetu, mnapofundisha msamiati huu, msitosheke na maana za kamusi. Wapeni wanafunzi matendo, wao watafute neno linalofaa. Kisha wapeni sentensi mbili: "Ni mwekevu lakini mkarimu" na "Ni bahili lakini mkarimu." Ya kwanza itapita bila shida. Ya pili inajipinga, na wanafunzi wakieleza kwa nini, watakuwa wameielewa tofauti.