Nukta na Mkato Katika Lugha ya FORTRAN

Lugha ya FORTRAN ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957 kwa ajili ya kompyuta yake ya 704. Kikundi cha John Backus kiliibuni ili wanasayansi na wahandisi waweze kuandika hesabu zao karibu kama ziandikwavyo katika aljebra. Kompyuta yenyewe haiyaelewi maandishi hayo. Hufasiriwa kwanza na programu maalumu, ambayo hapana budi itambue kila kauli ni ya aina gani.

Katika FORTRAN ya zamani kazi hiyo si nyepesi. Nafasi tupu baina ya herufi hazihesabiwi, wala hakuna neno lililopigwa marufuku kuwa jina la kigeu. Zitazamwe kauli hizi mbili:

DO 10 I = 1,5
DO 10 I = 1.5

Ya kwanza yaagiza kwamba kauli zinazofuata, hadi ile yenye namba 10, zirudiwe mara tano, I ikipanda kutoka 1 hadi 5. Ya pili hairudii chochote: yakipa kigeu kiitwacho DO10I thamani ya moja na nusu!

Basi herufi za mwanzo hazitoshi kuamua. Mfasiri huondoa nafasi zote, kisha hutafuta alama ya usawa iliyo nje ya mabano. Isipokuwapo, kauli hutambuliwa kwa neno lake la kwanza, kama READ, GO TO au STOP. Ikiwapo, hutafutwa mkato upande wa kulia, nao uwe nje ya mabano, maana mkato wa A = AMAX1(B,C) watenganisha B na C tu. Kauli iliyoanza kwa DO na yenye mkato huo ni ya kurudia. Isiyo nao hutoa thamani. IF ina usumbufu wake: IF(K) = 3 huweka 3 katika safu iitwayo IF, lakini IF(K.GT.0) L = 3 ni sharti. Hapo huangaliwa kinachofuata bano la kufunga, kama ni alama ya usawa au ni herufi.

Mtu akipiga nukta mahali pa mkato, mfasiri hanung'uniki, kwa kuwa lugha haidai vigeu vitangazwe kwanza. Hesabu hufanywa mara moja badala ya tano, na jibu la uongo hutoka limepigwa chapa safi kabisa. Fortran 90, iliyokubaliwa kuwa sanifu ya kimataifa mwaka 1991, iliongeza mtindo wa uandishi ambamo nafasi zina maana, pamoja na kauli ya IMPLICIT NONE, ambayo humlazimu mwandishi kutangaza kila kigeu. Anayeiandika juu ya programu yake ataarifiwa mara moja kwamba DO10I haijulikani.