Kuyu Lina Wadudu, Ndiyo

"Tupa hilo, lina wadudu!" Aliyekulia karibu na mto wenye mkuyu ameambiwa hivyo, mara nyingi akiwa ameshalimeza nusu. Mimi niliambiwa na shangazi yangu. Nikatema, nikasukutua kwa maji ya mto, na kwa miaka mingi nikaamini kwamba kuyu ni tunda lililolaaniwa: kwa nje jekundu, laini kama lina manyoya, ukilipasua unakuta wageni. Leo nataka kumtetea mgeni huyo. Na kwanza si mgeni, maana bila yeye nyumba yenyewe isingekuwapo.

Mkuyu ulivyo sina haja ya kueleza. Nchi imejaa majina yake: Makuyuni ya njia panda ya kwenda Ngorongoro, Makuyuni ya Korogwe, Mkuyuni ya Mwanza, Mkuyuni ya Morogoro. Wakikuyu wa Kenya husemwa kwamba jina lao limetoka kwake. Na msomaji wa Injili ya Luka anamkumbuka Zakayo, yule mfupi aliyepanda mkuyu pale Yeriko ili amwone Yesu akipita. Huyo Zakayo nitamrudia.

Chukua kuyu changa, la kijani, la ukubwa wa gololi, ulipasue katikati kwa wembe. Utomvu mweupe utakuchafua vidole, uvumilie. Ndani kuna uwazi, na ukuta wote umejaa vitu vidogo kama vichwa vya sindano vikitazamana. Hayo ni maua, mamia kwa mamia. Kuyu ni shada la maua lililogeuzwa ndani nje, kama mfuko wa suruali uliopinduliwa, na ndiyo maana hujawahi kuona mkuyu umechanua. Huchanua kila mara, ila umejifungia ndani.

Mlango ni mmoja tu: kitundu kilicho upande wa pili wa kikonyo, kimezibwa kwa magamba yaliyolaliana kama vigae. Kwa siku chache katika maisha ya kuyu magamba hayo hulegea, na kuyu hutoa harufu. Sisi hatuisikii. Anayeisikia ni nyigu mmoja mwenye urefu wa milimita mbili hivi, ambaye wataalamu humwita Ceratosolen arabicus. Usimchanganye na yule wa darini anayekuuma jicho likafumba. Huyu hana habari na wewe, shida yake ni mkuyu tu.

Jike hujisokota kupita kwenye magamba hayo. Njia ni nyembamba mno, mabawa hukatika yakabaki mlangoni, na vipande vya vipapasio navyo. Ukiwa na lenzi ya mkono utayaona yamebanwa pale kama pindo la kanga lililobanwa na mlango wa daladala. Hatatoka tena. Ana saa chache za kufanya kazi, na kazi yake ndiyo iliyonifanya nimpende.

Nyuki hubeba chavua kwa makusudi, lakini anawapelekea watoto wa mzinga chakula. Ile inayodondokea ua jingine ni bahati ya ua. Nyigu wa mkuyu ana mifuko miwili chini ya kifua, mifuko hasa, na aliijaza chavua kabla hajatoka kwenye kuyu alikozaliwa. Sasa akiwa gizani, anapotaga hupeleka miguu ya mbele mfukoni, akachota chavua kidogo, akaipaka kwenye maua. Haijampitia kwa ajali. Anapanda, kama mkulima apandavyo mbegu. Watafiti wawili kutoka Israel, J. Galil na D. Eisikowitch, waliyatazama haya kwa makini hapa hapa Afrika Mashariki, wakachapisha matokeo yao miaka ya 1960. Sisi wenye mikuyu tulikuwa bado tunaambiana tutupe.

Maua ya humo ndani hayalingani. Mengine yana shingo fupi, mengine ndefu. Mrija wa nyigu wa kutagia hufika chini kwenye yale ya shingo fupi, na hayo huvimba yakawa vitanda vya watoto wake. Yale ya shingo ndefu humshinda, lakini ameshayapaka chavua, basi yanazaa mbegu. Wamegawana nyumba: nusu ya nyigu, nusu ya mkuyu. Akimaliza, mama hufa humo humo.

Majuma kadhaa baadaye madume ndio wanaotangulia kutoka. Hawana mabawa na macho yao ni hafifu, na ya nini, kwa kiumbe asiyekusudiwa kuona jua? Kila mmoja hutafuta kivimbe chenye jike, akakitoboa na kumpanda jike angali amelala humo. Kisha madume hukusanyika kwa kazi moja ya mwisho, kutoboa ukuta wa kuyu kwa meno mpaka nje. Handaki hilo si lao. Wanaotokeza huanguka, na sisimizi wameshajipanga kuwasubiri. Kwa ndugu mmoja wa mkuyu, ule mti wa Asia ambao Buddha husimuliwa kuwa aliketi chini yake, imegunduliwa kwamba hewa nzito ya ndani, iliyojaa kabonidayoksaidi, huwafanya majike walale huku madume wakichapa kazi. Ukuta ukitobolewa, hewa hubadilika na majike huamka. Madume hufungua dirisha, mabibi ndipo wanapoamshwa.

Wakiamka, yale maua ya kiume yaliyokuwa yamesinzia muda wote nayo yamekomaa. Majike hujaza mifuko, hupita kwenye handaki na kuruka. Wana kama siku mbili za kuishi.

Na angalia mpangilio: ni baada ya wao kuondoka ndipo kuyu huvimba, likalainika na kuwa tamu. Kwa hiyo wale wadudu alioniogopesha nao shangazi yaelekea hawakuwa nyigu wa mkuyu walio hai. Huenda walikuwa sisimizi na nzi wadogo waliopitia handaki lililoachwa wazi, wapangaji wa nyumba iliyohamwa. (Kuhusu tini, jamaa wa kuyu, aina nyingi zinazolimwa huzaa bila nyigu. Swali la halali na haramu nawaachia masheikh.)

Penye karamu hapakosi wadokozi. Yuko Ceratosolen galili, ndugu wa damu wa nyigu wetu, anayepita mlango ule ule na kutaga mle mle, lakini hachavushi. Anakula ubwabwa wa harusi bila kuchangia. Wengine hawahangaiki hata kuingia: wana mrija mrefu kama uzi, wanasimama nje na kuudunga kupita kwenye ukuta. Hapo sisimizi, wale wale wanaowala madume, hugeuka walinzi. Utafiti wa Compton na Robertson uliofanyika Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 1988, kwenye jamaa wa karibu wa mkuyu, ulionyesha kwamba sisimizi wanaochunga wadudu wanaonyonya utomvu kwenye matunda ya mti huo huwafukuza wadungaji wa nje, na hivyo mbegu na nyigu wa kweli huongezeka. Wadudu wale wanaonyonya mti, ambao mkulima angekimbilia kuwapulizia dawa, ndio wanaowalipa walinzi mshahara.

Sasa hesabu ya hatari. Kwa kawaida mkuyu mmoja hufungua milango ya makuyu yake karibu kwa pamoja na kuifunga karibu kwa pamoja. Nyigu anapotoka, nyumbani kwao milango imeshafungwa. Ni lazima apate mkuyu mwingine, na uwe katika zile siku chache za mlango wazi, kabla siku zake mbili hazijaisha. Umbali wenyewe haumtishi. Namibia, kwenye mabonde ya mito jangwani ambako mikuyu ni ya kuhesabika, watafiti walilinganisha vinasaba vya miti na vya mbegu, na mwaka 2009 wakatangaza kwamba nyigu hawa hupanda juu, wakabebwa na upepo na kupeleka chavua hadi kilomita 160. Mdudu wa milimita mbili! Kinachomuua ni kufika na kukuta kila mahali pamefungwa. Usalama wake uko kwenye wingi wa miti isiyozaa kwa zamu moja.

Na zamu hizo hazimfaidi yeye peke yake. Kwa kuwa mikuyu haizai kwa pamoja, karibu kila mwezi kuna mmoja mahali fulani umebeba, hata katikati ya kiangazi ambapo miti mingine haina kitu. Nenda ukasimame chini ya mkuyu uliobeba katika msitu wa Ziwa Manyara: ninga na hondohondo juu, nyani na tumbili katikati, tembo chini wakiokota yaliyoanguka. Jioni ikiingia, popo na komba wanachukua zamu ya usiku. Wote hao wanalishwa na mdudu ambaye hawamjui.

Nimrudie Zakayo na mkuyu wake wa Yeriko. Mkuyu ulifika Misri na Palestina tangu kale, lakini nyigu anayeuchavusha huko hayupo. Mikuyu ya huko haizai mbegu. Imeishi maelfu ya miaka kwa kupandwa vijiti kwa mkono, na Wamisri wa kale waliithamini kiasi cha kuchonga majeneza yao kwa mbao zake. Na ili makuyu yaive, mkulima alipanda juu na kisu, akayachanja moja baada ya jingine. Jeraha hulifanya kuyu litoe etilini, gesi ile ile inayoivisha ndizi zilizofunikwa pamoja, na baada ya siku chache likaiva. Nabii Amosi anajitambulisha kuwa mchungaji na mtunza mikuyu, na wafafanuzi wengi wanaona utunzaji huo ulikuwa ndio huo wa kuchanja. Mkuyu bila nyigu wake ni mzee asiye na mtoto, anayelishwa kwa kijiko.

Huku kwetu nyigu bado yupo, na tunachopunguza ni miti. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya ukingo, ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Hapo ndipo hasa mikuyu inapoota. Tembea kando ya mto wowote uliopita kwenye mashamba, uhesabu hizo mita 60. Utakuta sukumawiki hadi ukingoni, tanuri la matofali, na mkuyu uliochomwa kwenye shina taratibu ili ionekane umeanguka wenyewe. Halafu siku ya kupanda miti inafika, turubai linafungwa, hotuba zinatolewa, na inayopandwa hapo hapo ukingoni ni mikaratusi.

Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu mgumo, jamaa mwingine wa mkuyu, uliokuwa karibu na kwao Nyeri. Mama yake alimkataza kuokota kuni zake, akimwambia ni mti wa Mungu, na karibu nao palikuwa na kijito alichochezea utotoni. Aliporudi kutoka masomoni Marekani mti ulikuwa umekatwa kupisha chai, na kijito kimekauka.

Ninasema bila aibu: majini na mizimu wamelinda mikuyu mingi kuliko vibao vya halmashauri. Kijiji kilichoogopa kukata mkuyu wa matambiko kimebaki nao hadi leo. Ubaya ni kwamba jini hulinda mti mmoja, ule wenye masimulizi, na nyigu hawezi kuishi kwa mkuyu mmoja.

Matumizi ya mkuyu unayajua: kivuli cha mkutano, mizinga ya nyuki, mitumbwi, ngoma, majani ya mbuzi wakati wa ukame, magome na utomvu kwa waganga wa kikohozi na tumbo, makuyu yenyewe mabichi au yaliyokaushwa. Ndugu yake mutuba ndiye anayetoa nguo za magome za Buganda, ambazo UNESCO ilizitambua mwaka 2005.

Ukitaka kuupanda, haikugharimu kitu. Kata kijiti kinene kama mkono, kichomeke kwenye udongo wenye unyevu mvua zikianza. Ila usikate vijiti vyote kwenye mti mmoja, maana vitakuwa mti ule ule umerudiwa. Chukua kimoja kwenu, kimoja ng'ambo ya mto, kingine kijiji cha pili, ili kila nyigu atakayeruka akute mlango ulio wazi.