Muungo Uliokatazwa: Silikoni na Kanuni ya Vitabuni (Sehemu ya Nne)

Siku hizi hakuna gazeti linalokosa habari za chipu. Marekani inaizuia China isiuziwe mashine za kuzitengenezea, Taiwan haitoki midomoni mwa wanasiasa, na kila serikali yenye fedha inataka kiwanda chake. Wasomaji wameuliza: hiyo silikoni ina nini hasa hata wakubwa wagombane? Nitalijibu swali hilo, ila naomba radhi mapema kwamba nitaanzia mbali. Upande wa silikoni ulioniteka tangu ujana haumo viwandani. Umo katika muungo mmoja ambao vitabu vilituambia haupo wala hauwezi kuwapo.

Tuliokuwa pamoja tangu sehemu ya kwanza tunajua kwamba silikoni imekaa chini ya kaboni katika jedwali la elementi, na kwamba zote mbili zina elektroni nne za kuungia. Kaboni huzitumia kwa namna nyingi. Atomi zake mbili huweza kushirikiana jozi moja ya elektroni, au jozi mbili, au tatu, na ndiyo maana tuna ethilini inayozaa plastiki, na asetilini ya mafundi wa kuchomelea. Silikoni, ambayo kwa uzito ni zaidi ya robo ya ganda la dunia, hujibana kwenye jozi moja moja. Mchanga mwingi wa pwani umejengwa hivyo.

Je, haiwezi, au haijapewa nafasi? Hapo ndipo anapoingia Frederic Stanley Kipping, mzaliwa wa Manchester mwaka 1863, ambaye kwa maoni yangu amedhulumiwa na historia. Alifundisha Nottingham kuanzia 1897 hadi 1936. Watu wa rika la babu zetu waliosoma kemia kwa Kiingereza walimjua kwa kitabu alichoandika na William Perkin mdogo. Hawa wawili, pamoja na Arthur Lapworth, mwanakemia mwingine wa sifa, walioa mabinti watatu wa nyumba moja, nyumba ya akina Holland, wakawa wanyumba. Sijui kama kuna ukoo mwingine uliopata wakwe watatu wa kiwango hicho, na mara nyingi nimewaza mazungumzo ya mezani siku ya sikukuu yalikuwaje.

Kipping aliitesa silikoni kwa zaidi ya miaka 30 na kuandika makala zaidi ya 50. Alichokitafuta kwa hamu ni ndugu wa kampaundi za kaboni, zikiwemo zile zenye muungo maradufu, yaani wa jozi mbili. Mwaka 1921 alitoa taarifa ya kampaundi aliyoipata kwa kuchemsha kloridi ya silikoni yenye fenili pamoja na sodiamu, na akaona kwamba silikoni ndani yake haijashiba. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1960, ndipo Henry Gilman wa Iowa akathibitisha kwamba ile ilikuwa pete ya atomi nne za silikoni, zote zimeshiba kwa muungo mmoja mmoja. Gilman huyo alikuwa amepoteza karibu uwezo wake wote wa kuona tangu 1947, lakini aliendelea kuongoza maabara yake kwa miaka mingi, akisomewa na kusimuliwa. Wanaolalamika kwamba hawawezi kusoma kwa sababu taa imekatika wamkumbuke.

Kipping mwenyewe alizeeka amechoka. Mwaka 1936, katika mhadhara mkubwa mbele ya Royal Society mjini London, alihitimisha kwamba matumaini ya maendeleo makubwa katika fani yake ni haba. Chupa zake zilikuwa zimejaa gundi na mafuta yasiyoganda, mambo aliyoyaona kuwa uchafu wa kumwaga. Miaka minne tu baadaye Eugene Rochow wa kampuni ya General Electric, Marekani, alipitisha kloridi ya methili juu ya silikoni moto yenye shaba, akafungua njia ya kutengeneza "uchafu" ule kwa tani. Leo ndio mpira unaoziba madirisha yetu na mafuta yanayolainisha nywele. Soli za viatu vilivyoacha alama mwezini mwaka 1969 zilikuwa za mpira huo.

Tofauti hiyo ya miaka minne inaniuma. Mtu ameishi na kitu maisha yake yote, anakitazama kila siku, na bado anakidharau kwa sababu si kile alichokuwa anakitafuta. Shule zetu zinalea tabia hiyo hiyo: jaribio lisilotoa jibu la kitabu linafutwa daftarini, na mwanafunzi anajifunza kuficha matokeo badala ya kuyauliza maswali.

Baada ya Kipping kushindwa, wengine walikuja na sababu za kushindwa. Kenneth Pitzer mwaka 1948 na Robert Mulliken mwaka 1950 walieleza kwa hesabu kwa nini atomi kubwa hazipendi muungo maradufu. Jozi ya pili ya elektroni hukaa ubavuni mwa ile ya kwanza, na kwa atomi nono zilizo mbali mbali mbavu hizo hazigusani vizuri. Maelezo yale hayakuwa ya kijinga. Jozi ya pili ya silikoni kweli ni dhaifu, haifiki nusu ya nguvu ya ile ya kaboni. Kosa lilifanyika madarasani, pale "dhaifu" lilipogeuzwa kuwa "haiwezekani" na kuandikwa ubaoni bila jina la mwandishi wala mwaka. Mimi ningetaka kila kanuni ifundishwe na tarehe yake ya kuzaliwa, ili kijana ajue kwamba ni kazi ya binadamu.

Muungo ule haukukosekana kwa kuwa hauundiki. Ulikuwa unaundika na kuliwa papo hapo, maana kitu chenye elektroni zisizoshikwa barabara hushambuliwa na maji, na oksijeni, na zaidi ya yote na ndugu zake wa aina ile ile. Mwaka 1967 L. E. Gusel'nikov na M. C. Flowers walionyesha kwamba silikoni iliyoungana maradufu na kaboni hupita kwa kitambo kifupi katika gesi ya moto. Ikabaki kutafuta ulinzi. Robert West wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, pamoja na Mark Fink na Josef Michl, waliizungushia kila silikoni makundi mawili makubwa ya mesitili, kama wapambe wanene wanaomzingira bwana harusi hata asiyemtakia mema asipate upenyo. Waliimulika kampaundi ya kuanzia kwa mwanga wa urujuanimno, vipande vikaachana, silikoni mbili zikakutana. Desemba 1981 walitangaza fuwele za rangi ya njano iliyoelekea chungwa. Umbali kati ya silikoni mbili ulikuwa pikomita 216, wakati muungo wa kawaida ni 235. Mwaka huo huo Adrian Brook wa Toronto alikuwa ameshika mkononi muungo maradufu wa silikoni na kaboni.

Miungo ya mara tatu ilifuata mwaka 2004, kwa mikono ya Akira Sekiguchi wa Tsukuba, Japani: fuwele za kijani cha zumaridi, pikomita 206. Ajabu ni kwamba molekuli ile haikunyooka kama asetilini. Imepinda, pembe yake ni kama nyuzi 137. Mwanafunzi hawezi tena kuichora silikoni kwa kunakili kaboni.

Sasa chipu, na nafasi imekwisha kunibana. Ukikata fuwele ya silikoni, ile inayotengenezewa chipu, atomi za juu hubaki na elektroni zisizo na mwenzi. Kwenye uso unaotumika zaidi viwandani hupatana mbili mbili, kwa muungo unaofanana sana na ule wa West. Kwa hiyo molekuli hizi ni kipande cha uso huo kinachoweza kuwekwa ndani ya chupa na kuchunguzwa. David Scheschkewitz amelifikisha jambo hili mbali. Mwaka 2010, akiwa London, alitangaza kifundo cha silikoni sita chenye atomi mbili zisizovikwa kitu kingine chochote ila silikoni wenzake, na kazi hiyo ameiendeleza Saarbrücken, Ujerumani.

Upande wa utendaji una habari nzuri pia. Mwaka 2017 kundi la Shigeyoshi Inoue, Munich, lilionyesha muungo maradufu wa silikoni ukiipasua hidrojeni, kazi ambayo kwa desturi huachiwa metali ghali kama platinamu. Kwa kichocheo cha kweli kupasua hakutoshi, lazima kiachie kilichoshika kianze upya, na silikoni ikishashika hidrojeni haiachii kwa urahisi. Maabara kadhaa zinahangaika na kuachia huko. Sehemu ijayo itahusu silani, gesi ambayo viwanda vya chipu huitumia kutandaza silikoni, na ambayo huwaka yenyewe ikikutana na hewa.